Turubai Mlangoni kwa Bibi Somoe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi ile niliyomfisha Bibi Somoe kwa turubai, mwenyewe akiwa ndani mzima wa afya, anakuna nazi.

Usishtuke. Kaa vizuri nikueleze. Nimeshawasimulia watu habari hii mara elfu moja na mia, na kila nikiisimulia inanenepa kidogo, lakini mifupa yake ni ileile.

Aliyenikumbusha ni Neema, mjukuu wa jirani yangu hapa Kiwalani. Wiki tatu zilizopita alikuja barazani kwangu na wenzake watano, fulana za kijani zinang'aa, glavu mpya mikononi, nyuso zimenuna kama watu waliozuiwa mlangoni kwenye harusi ya ndugu yao.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mbona hivyo?"

"Babu, watu wa mtaa huu basi tu," Neema akasema. "Tumetangaza usafi wa mtaro kwenye grupu wiki nzima. Wameweka vidole gumba mpaka simu ikapata moto. Asubuhi tumejikuta sie sita."

"Sita na nusu," mwenzake akadakia. "Kuna yule aliyekuja kupiga picha akasepa."

Nilicheka mpaka fimbo yangu ikaanguka. Wakadhani nawacheka wao. Nikawaambia, hapana, kaeni chini, leo mtasikia habari za mzee mjinga alipokuwa kijana mjinga zaidi. Na wewe unayesoma, sogea ukae nao.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba kiasi kwamba mvua ilinikosa. Mchana nilifanya kazi kwa mzee mmoja aliyekodisha maturubai na viti vya shughuli. Kupakia, kusimamisha, kufunga kamba, kupanga viti, kisha kukunja na kupakua, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Jioni nilikwenda madarasa ya watu wazima kutafuta cheti cha kidato cha nne, nikaja kukipata kwa alama zilizomfanya mwalimu avue miwani, aifute, aivae tena. Basi hapo nikajiona. Nikitembea nilihisi hata barabara inanipisha.

Mtaro wetu ulikuwa uleule unaouona leo, ila siku zile ulikuwa umekata tamaa kabisa. Tope, mifuko, chupa, godoro moja zima na, haki ya Mungu, nusu ya friji. Mbu wake walikuwa wakubwa mno, wakija kwako walibisha hodi kwanza. Na pembeni yake, karibu kuliko nyumba zote, ndipo alipokaa Bibi Somoe, mjane aliyehamia mjini kutoka Lindi, ana vyumba viwili na sauti ya kuamrisha jeshi. Masika yaliyotangulia maji yalimkuta kitandani. Alikaa juu ya meza siku mbili, yeye na kuku wake. Yalipopungua, ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja. Fundi alikuja, akauangalia, akasema: mvua nyingine kama ile, ukuta huu unalala. Na masika yalikuwa yanakaribia.

Sie vijana watano tukaunda kikundi cha kuusafisha. Mie nikawa mwenyekiti, maana nani mwingine? Makamu wangu alikuwa Deo, kijana wa Bukoba, karani wa ghala, mpole, mtu wa kufikiri kabla ya kusema, tabia ambayo mie nilikuwa sijaizoea. Tukabandika matangazo kwenye nguzo na milango ya maduka. Nikaazima kipaza sauti cha betri, nikazunguka nacho nikiguta, "Ndugu wananchi! Mazingira ni uhai! Jitokezeni kwa wingi!" Niliguta kwa nguvu mpaka ndege zilizokuwa zinashuka kwenye uwanja wa jirani zilisita kutua.

Jumamosi ya kwanza tulijitokeza watano, yaani sisi wenyewe. Ya pili wanne, mmoja ameugua malaria ya mtaro huohuo. Tukatoa tope toroli kumi, tukalirundika ukingoni, tukapongezana. Katikati ya wiki ikapita mvua ya dakika chache, tope lote likarudi kwao. Jumamosi ya tatu tulikuwa mie, Deo na mbuzi mmoja, na yule mbuzi nadhani alikuwa anapita tu.

Nikawakasirikia majirani zangu. Nikasema watu hawa hawana mwamko. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo siku zile, mwanangu, ukiyasikia mdomoni mwako leo yateme.

Sasa wiki ileile kazini nilisimamisha turubai kwenye misiba miwili, nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yanalitazama miaka yote bila kuliona. Nilikuwa sijamaliza kufunga kamba ya mwisho, watu wamejaa. Hakuna aliyebandika tangazo. Kina mama wamefika na kanga zao na mikeka, mmoja analeta sufuria, mwingine maji, mwingine kuni, vijana wamekuja na majembe na sepetu kwa ajili ya kuchimba kaburi, na hakuna aliyeuliza kuna posho gani. Darasani tulikuwa tumefundishwa njia ya kisayansi: angalia, fikiri, jaribu. Nikaangalia. Nikafikiri. Kwa bahati mbaya nikajaribu.

Jumamosi asubuhi nikamwomba tajiri wangu turubai na viti kwa ajili ya shughuli ya mtaa. Lenye mapambo lilikuwa limeshatoka kwenda harusini, nikachukua lile jeupe, kavu, lisilo na kitambaa wala ua. Tukalisimamisha mbele ya mlango wa Bibi Somoe.

"Zube," Deo akaniambia, kamba mkononi, "mbona tunaliweka hapa? Watu si watadhani..."

"Watadhani nini? Tunaweka kivuli."

Hapo ndipo penye kosa, na sitalificha. Nilijua vizuri sana watadhani nini.

Wa kwanza kupita alikuwa Mama Pili, jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyeumbwa kifua na sauti kwanza, mengine baadaye. Alikuwa na ndoo ya maji. Akaliona turubai. Akauona mlango wa bibi umerudishwa. Akanitazama.

"Zuberi," akasema polepole. "Ni yeye?"

Nikainamisha kichwa.

Sikutamka neno. Nimelifikiria sana hilo miaka yote hii. Kinywa changu siku ile hakikusema uongo hata herufi moja, ni shingo iliyousema wote.

Mama Pili aliiachia ndoo. Kilio alichopiga, mwanangu, kama hakikusikika Mbweni basi siku hiyo upepo ulikuwa unavuma upande mwingine. Nusu saa haikwisha, viti mia mbili vimejaa. Deo mpaka leo anasisitiza vilikuwa arobaini, lakini Deo ni karani, ana ugonjwa wa kuhesabu. Kina mama wakatandika mikeka. Mafiga yakawekwa, moto ukawashwa, mchele ukaanza kuchambuliwa. Wazee wakakaa wanavuta tasbihi. Vijana kama kumi wakafika na majembe mabegani, na mkubwa wao, fundi ujenzi mmoja mrefu jina lake Issa, akaninong'oneza, "Braza, pole sana. Tunachimba wapi?"

"Subirini kidogo," nikamwambia. "Kuna tangazo."

Deo alikuwa ananivuta shati mpaka kifungo kimoja kikatoka. "Waambie sasa hivi!"

"Ngoja watimie."

Unauliza marehemu alikuwa wapi? Alikuwa uani, redio imewashwa kwa sauti ya kutosheleza masikio yake, na masikio yake yalikuwa yanahitaji sauti nyingi. Redio ilipokatika kidogo ndipo aliposikia vilio. Mlango ukafunguka. Akatoka na kanga yake ya kazi, mikono myeupe kwa nazi mpaka kwenye viwiko, akautazama umati, akashika kifua.

"Haa! Poleni jamani! Nani kafa?"

Kilio kilikatika kama kimefungwa bomba. Mzee mmoja akaanza dua yake upya, mbio mbio. Mama Pili nilimwona kwa macho yangu akipanda juu ya kiti.

"Wewe!" akasema.

"Mie nini?"

"Wewe ndiye!"

"Ndiye nani?"

"Marehemu!"

Bibi Somoe akaitazama mikono yake, upande mmoja, upande wa pili. "Na nazi hii?"

Umati ulilipuka kwa kicheko. Watu waligaragara, nakwambia, viti vikaanguka, Issa akamwegemea Deo akilia machozi ya kweli. Nami nikaona wakati wangu umefika. Nikapanda kwenye benchi, nikakiinua kipaza sauti. "Ndugu wananchi..."

Ndipo alipotokea Mwanahawa.

Huyu alikuwa binti pekee wa Bibi Somoe, mpishi wa shule moja ya bweni, mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Jirani mwenye huruma alikuwa amekimbilia huko kumpa taarifa. Alikuja anakimbia, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu, cha pili amekipoteza hajui wapi. Hakumtazama mtu. Sidhani hata alisikia kwamba tunacheka. Alipita katikati ya viti moja kwa moja hadi mlangoni, na mlangoni akamkuta mama yake amesimama.

Akamshika uso kwa mikono miwili. Akamshika mabega. Akamshika ile mikono yenye nazi, kidole kwa kidole. Kisha akakaa pale kizingitini.

Kicheko kilikuwa kimeshakufa. Kipaza sauti peke yake kilikuwa kinakoroma mkononi mwangu.

"Nani kaweka turubai hili?" Bibi akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mie, bibi."

"Kwa nini?"

"Ili watu waje tusafishe mtaro. Ukuta wako usianguke."

"Kumbe ulikuwa unanitakia heri."

"Ndiyo, bibi."

"Ukanifisha." Akanitazama mpaka nikatamani benchi linimeze. "Zuberi, umebisha hodi nyumba ngapi kuwaambia watu kwamba ukuta wangu una ufa?"

"Tulibandika matangazo, bibi. Na nilipita na kipaza..."

"Sikukuuliza matangazo. Nyumba ngapi?"

"Hata moja."

"Mama Pili huyu, mlango wake na wako ni hatua tano. Ulimwambia?"

Kabla sijajibu Mama Pili akashuka kwenye kiti. "Hakuniambia! Mie nilimsikia anapayuka mazingira, mazingira, nikajua ni mambo yao ya semina. Ningejuaje ni ukuta wa Somoe?"

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Watu hawa uliwaona wana roho mbaya. Nimekufa nusu saa tu, tazama, wameniletea kuni, maji, majembe. Wasingekuja kwa nini nikiwa hai, kama ungewaambia?" Kisha akanyoosha mkono wake mweupe. "Machozi ya mwanangu hayarudi machoni. Lakini utaanza na yeye kuomba radhi. Ukimaliza, upite kiti kwa kiti, mkeka kwa mkeka, kila mtu kwa jina lake, umwombe radhi na umweleze ulikuwa unataka nini. Na hilo dude linalokoroma liweke chini."

Nikaliweka chini. Nikaenda kwa Mwanahawa, nikapiga magoti. Akanitazama mara moja, akageuza uso. Sikustahili zaidi ya hapo. Nikaenda kwa Mama Pili, akaniambia machozi yake nitamrudishia mpaka kiama, na kusema kweli aliendelea kunidai miaka yote, hata kwenye harusi yangu. Nikaenda kwa mzee mwenye tasbihi. Nikaenda kwa huyu, nikaenda kwa yule. Wengine sikujua majina yao, mwanangu, watu niliowaona kila siku! Ilinibidi niulize kwanza jina ndipo niombe radhi.

Na kwenye kiti cha kumi hivi nikagundua jambo. Mtu akishanisamehe, haniachi. Anauliza. "Ufa wenyewe uko upande gani?" "Masika yamebakiza wiki ngapi?" "Mie toroli ninalo, nililete?" Mama mmoja akaniambia, "Bomba langu linatoa maji leo, waambie wenye miguu ya tope waje kunawa kwangu." Nilipofika kiti cha ishirini nikageuka nyuma kutazama nilikotoka. Viti vilikuwa vitupu. Issa na wachimba kaburi wake walikuwa ndani ya mtaro, tope mapajani.

"Si ulisema tusubiri tangazo?" akanipigia kelele. "Tumeshalisikia! Shuka humu, mwenyekiti!"

Nikashuka. Kazi kama ya siku ile sijaona nyingine mpaka leo. Bibi Somoe aliletewa kiti ukingoni, akawa jemadari. "Tope halikai hapo! Mtu asinirundikie tope ukingoni, mvua ikilirudisha nani atakufa tena?" Lote likapakiwa kwenye mikokoteni mpaka kwenye lile shimo lililoachwa na wachimba mchanga. Wazee wasioweza jembe walisimama njiani kuipisha mikokoteni. Kina mama walipokezana ndoo wakiimba wimbo ambao Mama Pili aliutunga palepale, beti zote zinanitukana. Nusu ya friji ilipoinuka kutoka kwenye tope watu walishangilia kama goli la dakika ya mwisho. Na alasiri wali ulipoiva, Bibi akamimina tui lake lenyewe kwenye mchuzi, akaonja wa kwanza, akafumba macho.

"Nani kati yenu," akauliza, "kashawahi kula chakula cha msiba wake mwenyewe? Mie ndiye. Na chumvi imepungua."

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikucheka. Mwanahawa alikipigilia kile kiatu kimoja msumari ukutani, nje ya mlango wa mama yake. Hakusema kwa nini. Kila Jumamosi tuliyokwenda kumalizia mtaro nilikiona. Alisalimia kila mtu, mie akaniruka. Wiki sita. Nilikuwa nimemtia mtu uchungu wa kweli ili nipate umati, na wema wa kazi yangu haukuufuta uchungu ule.

Masika yakaja. Ilinyesha kana kwamba mtu huko juu kasahau kufunga bomba. Asubuhi ya siku ya tatu nikakimbia kwa bibi. Nikawakuta yeye na binti yake wamesimama barazani, wametulia, wanasikiliza. Nyuma ya nyumba maji yalikuwa yanapita kwa mngurumo wa lori, yanapita, mwanangu, yanakwenda zao, na ukuta umesimama mkavu ndani. Mwanahawa akageuka, akaniona nimelowa chepechepe.

"Zuberi," akasema. "Ingia unywe chai."

Nilipokuwa naingia nikainua macho. Msumari ulikuwa mtupu.

Neema na wenzake walinisikiliza mpaka hapo. Mmoja wao akauliza, "Kwa hiyo babu, tufute grupu?" Nikamwambia, wala. Grupu ni zuri, fulana ni nzuri, hata picha pigeni, mpendeze. Ila grupu halijui mzee gani anakohoa kwa sababu ya moshi wa takataka, wala mtoto wa nani kaugua tumbo kwa maji ya mtaro. Ninyi mnajua, au mnaweza kujua mkibisha hodi.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuachia nasaha yangu bila kuifunga kitambaa. Unapotaka watu waje kutenda wema, waambie ni wema kwa nani, na uwaambie uso kwa uso, kwa majina yao. Mpe kila mmoja kitu anachokiweza, mwenye jembe jembe, mwenye bomba maji, asiye na nguvu kiti ukingoni na ruhusa ya kufoka. Tope ulilolitoa lifikishe mwisho wa safari yake, usiliache njiani ukaenda kupumzika. Usimwite jirani yako hana mwamko wakati hujawahi kumwuliza hali. Na usije hata siku moja ukamvuta mtu kwa hofu yake au kwa uchungu wake, hata kama unalomvutia ni zuri kama pepo. Atakuja, ndiyo. Lakini kutakuwa na kiatu ukutani, na huenda usipate bahati niliyoipata mie ya kuona kimeondolewa.

Wale sita walitumia jioni za wiki mbili kubisha hodi, mlango hadi mlango. Juzi Jumamosi wakaja kuniomba turubai langu kuukuu, la kivuli, na walikuwa wameshawaambia watu wote ni la nini. Nikakaa chini yake, jemadari mpya, mguu juu ya mguu, natazama mtaa mzima uko ndani ya mtaro. Akapita kijana wa bodaboda, akapunguza mwendo, akavua kofia.

"Poleni wazee. Nani tena?"

"Hakuna!" wakamjibu wote kwa pamoja, mpaka ndege iliyokuwa inatua ikasita kidogo. "Tupo wote! Paki uje ubebe tope!"

Akapaki.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyokinai kazi na majirani wanaofungua wakisikia sauti yako. Akuepushe na shingo inayosema uongo. Mvua zikujie kwa wingi na zikupite kando ya ukuta. Na siku yoyote utakaposikia vilio mlangoni kwako, ukute ni watu wamekosea tu, na wewe utoke uani na nazi yako mikononi, uwaulize nani kafa.